Meza nzima ilimwambia achague tawi la vita, Atupele akachagua la makaburi

Wakuu, salaam kutoka Mbeya.

Jumapili iliyopita, sebuleni kwa mtu pale Kihesa, Iringa, jeshi la wafu liliamriwa liinuke. Nusu ya jeshi hilo ikabaki imelala.

Ilibaki imelala kwa sababu ya mwalimu mmoja wa Jiografia, mkazi wa Soweto hapa Mbeya, aliyechagua kitu ambacho sote tulimwambia ni takataka.

Nilikuwepo, nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Nitaandika nilichoona na kusikia, na pale nisipojua nitasema sijui.

Turudi nyuma kidogo, maana najua wengi humu hamjawahi kuucheza huu mchezo.

Ni mchezo wa mezani wa hadithi. Kila mchezaji ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uhai wake. Mtu mmoja anaendesha dunia yenyewe, anasema nani katokea na mvua imenyesha wapi. Sisi tunamwita mwenye meza. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu ya pande ishirini. Dadu ndiyo inaamua.

Mwenye meza wetu ni Gwakisa, fundi simu pale Mwanjelwa. Kanuni za Kiingereza zilikuwa zinatuchosha, akakaa akaziandika upya kwa Kiswahili. Class akaiita fani. Subclass akaiita tawi. Ukiwa na fani mbili, yaani multiclass, wewe ni mtu wa fani mbili, basi.

Kanuni moja hana mzaha nayo. Mhusika akifa, amekufa. Mwenye karatasi anaichana kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wenzake.

Msicheke. Masanja alichana ya kwake mwaka jana na wiki nzima hakupokea simu.

Huyu Masanja ni jamaa yetu, Msukuma, wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe zamani. Yeye anauza dawa za mifugo mjini. Ndiye mwenye mdomo kuliko wote mezani, akifuatiwa na Atupele.

Atupele ndiye yule mwalimu wa Jiografia niliyeanza naye uzi huu. Mnyakyusa wa Rungwe, hasubiri kupewa nafasi ya kuongea, na tangu tumeanza kucheza hajawahi kuchana karatasi. Mhusika wake ni yule yule wa siku ya kwanza, mama mmoja mpiganaji mwenye ngao kubwa, anaitwa Sikujua.

Sasa nieleze tabia moja ya meza yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Kwenye mchezo huu, ukiua adui unampekua, unachukua panga na kibuyu chake cha dawa, unasonga mbele. Dunia nzima wanacheza hivyo.

Atupele alikuwa hawezi. Kila baada ya vita anasema, "Mwenye meza, Sikujua anachimba kaburi." Gwakisa naye, kwa haki, anahesabu muda wa kuchimba. Giza linaingia, maadui wengine wanakimbia, sisi tumesimama pembeni na majembe.

Mtu wa kwanza kuzikwa na Sikujua alikuwa nyapara wa jeshi la adui. Walipigana wawili tu, nyapara karibu amuue Sikujua. Sikujua alipomwangusha, akamfunika kwa joho lake na kumzika. Wakati anafukia, mjumbe wa adui akatoroka na siri zetu zote.

Masanja aliwaka siku hiyo.

"Mwalimu, sisi tunapigana na jeshi, wewe umefungua kamati ya mazishi?"

"Kwetu mtu haachwi juu ya ardhi kama gunia la viazi lililopasuka," Atupele akajibu. "Hata kama ni adui. Hata kama ni wewe."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Tulilalamika, lakini tulichimba, na yeye aliwalaza na kuwafukia kwa mkono wake.

Kabla ya kaburi la pili, Sikujua alikuwa ameshaongeza fani ya pili, ukuhani. Ukifika level ya tatu kwenye fani hiyo unachagua tawi, na ukishachagua hakuna kubadilisha.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Tawi la vita lilikuwa linajieleza lenyewe. Mpiganaji anapiga mara mbili, tawi la vita linampa pigo la tatu. Hata watoto wa shule wangeona. Mimi nilikaa na kalamu nikampigia mahesabu ya madhara kwa kila raundi, nikamtumia WhatsApp. Masanja akasema asipochukua hilo ataandika barua kwa mwalimu mkuu wake.

Wengine wawili mezani walitaka tawi la uponyaji, kwa sababu zao binafsi za kutaka kutibiwa bure.

Tawi la makaburi hakuna aliyelitetea. Lina uwezo mdogo wa kutuliza mtu anayekaribia kukata roho, halafu mstari mmoja mwishoni ambao tuliuruka, mimi nikiwa mmojawapo.

Atupele alisikiliza wote. Sifa yake moja ni hiyo, anakubishia lakini kwanza anakuacha umalize. Kisha akasema maneno ambayo nimeyakariri.

"Nyumba yangu ina mlango wa mbele tayari, imara. Nyie mnaniambia niweke mlango mwingine wa mbele pembeni yake. Mimi nataka wa uani."

Masanja akauliza, "Wa uani wa nini?"

"Wa kutolea maiti. Sikujua anazika tangu hajawa kuhani. Nikimpa tawi la vita, nitakuwa namdanganya yeye mwenyewe."

Akaandika makaburi, kwa kalamu ya wino. Nilimwona Gwakisa akitabasamu kidogo kisha akainamisha kichwa kwenye karatasi zake. Kwa nini alitabasamu, wakati huo sikujua. Hata sasa hajakiri.

Twende Iringa.

Kule kuna meza nyingine, ya Neema, dada wa Kihesa ambaye alisoma chuo na Gwakisa. Wawili hao walikubaliana dunia iwe moja. Vita ni ile ile, mto ni ule ule. Sisi wa Mbeya tunapigana ng'ambo hii, wao ng'ambo ile, na mwisho wa hadithi tukutane darajani kwa mchezo mmoja wa pamoja. Neema ndiye angeendesha, Gwakisa akae pembeni kusaidia kanuni.

Tulisafiri Jumamosi. Pale Mafinga baridi ilituingia mpaka kwenye mifupa, Masanja akasema sasa anaelewa kwa nini Wahehe wakipigana hawarudi nyuma, wanatafuta joto tu.

Neema alitupokea mlangoni kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na chai ya tangawizi. Meza yake ina wachezaji wa kazi kweli. Kinara wao ni kijana anaitwa Kihwele, dereva wa lori la mbao, mhusika wake ana silaha sijawahi kuona. Zote kazipata kwa kupekua wafu. Alipoona karatasi ya Sikujua akaisoma mara mbili.

"Dada, mpiganaji mwenye fani ya ukuhani, halafu makaburi? Mmekuja kucheza au kuweka matanga?"

Wa kwake wakacheka. Na wa kwetu wakacheka, ndiyo ukweli.

Atupele akasema, "Matanga tutaweka. Chai iendelee tu."

Jumapili baada ya ibada tukakaa. Kazi yetu ilikuwa kuwavusha mateka daraja, wazee na watoto wa vijiji vilivyochomwa. Mambo yalienda vizuri mpaka wa kwanza walipokanyaga mbao za daraja.

Neema akashusha sauti. Yule dada ana kipaji wakuu, haigizi kwa mikono wala kelele, anashusha sauti tu na wote mnainama kumsikiliza.

"Mkuu wa jeshi la adui anatokea kilimani. Anainua mkono. Wote waliokufa kwenye vita hii, ng'ambo zote mbili za mto, wanaamka. Wanakuja darajani."

Mahesabu yakawa rahisi kwa kila aliyekuwa pale. Tulikuwa tumeua watu wengi sana, sisi na wao. Hakuna ambaye angevuka.

Atupele akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, Dada Neema. Naomba Gwakisa asome mstari wa mwisho wa tawi langu. Kwa sauti."

Gwakisa akasoma bila kutafuta, maana alikuwa ameshaweka kidole hapo: "Uliyemzika kwa mkono wako haamshwi na mwingine."

Neema akaiomba karatasi, akasoma mwenyewe, akairudisha mezani polepole. "Ng'ambo ya Mbeya hakuna anayeinuka. Udongo umetulia."

Kihwele ndiye aliyefika kwanza kwenye maana yake. "Kwa hiyo wanaokuja ni wa kwetu tu."

"Ni wa kwenu tu," Neema akasema. "Na hawana panga hata moja, mliwapekua. Wanakuja na kucha."

Masanja akamshika Kihwele bega, kwa upole kabisa. "Poleni na msiba, kaka."

Nimecheza miaka kadhaa na sijawahi kuona meza mbili zinacheka vile huku zinaogopa.

Lakini nusu ya wafu ni wafu. Mtu alitakiwa kubaki mwisho wa daraja kuwazuia mpaka mateka wavuke, na mwenye ngao kubwa alikuwa mmoja. Sikujua akasimama hapo. Hapo nikaona fani zake mbili zinavyofanya kazi: ngao inawazuia, mkono wa kikuhani unawalaza mmoja mmoja, na kila anayelala anamwombea. Kihwele, aliyemcheka jana yake, alikuwa wa mwisho kuvuka. Akageuka akauliza, "Dada, nibaki?" Akaambiwa, "Vuka. Familia yako iko na hao mateka."

Wote wakavuka. Sikujua akabaki na uhai pointi moja, ngao imepasuka, nguvu za kikuhani zimekwisha.

Neema akasema, "Kwenye ukungu, ng'ambo ya Mbeya, kuna mtu mmoja. Amevaa joho lako."

Yule nyapara. Wa kwanza.

Alizikwa na Sikujua, kweli, lakini alizikwa kabla Sikujua hajawa na tawi, hata fani ya pili hakuwa nayo. Neema akasema uwezo hauwezi kurudi nyuma, hao wengine aliwahesabu kwa sababu walizikwa na kuhani. Gwakisa akasema mstari unataja mkono, na mkono ni ule ule. Wawili hao hawajawahi kupingana mbele yetu. Kama Neema yuko sahihi, nyapara amefufuka na Sikujua hana la kufanya, karatasi inachanwa. Kama Gwakisa yuko sahihi, huyo kwenye ukungu amesimama kwa sababu nyingine.

Kihwele akapendekeza warushe dadu, yaishe. Atupele akakataa kuishika.

"Nilimzika wakati hamnipi kitu chochote kwa kumzika," akasema. "Mlinitukana. Siwezi kulirushia dadu kaburi hilo. Niambieni tu kama linahesabika."

Basi letu lilikuwa linaondoka, tukainuka kabla ya uamuzi.

Wakuu, nilichojifunza kwa wanaocheza: ukiwa na fani mbili, usichague tawi kwa kutazama kalamu na mahesabu kama nilivyofanya mimi. Tazama mhusika wako amekuwa akifanya nini siku zote bila kulipwa. Atupele aliona hilo akiwa peke yake dhidi ya watu wote tunaojiona tunajua, na mimi namvulia kofia.

Wenye uzoefu, na hata msiocheza, leteni maoni: kaburi lililochimbwa kabla ya tawi linahesabika au halihesabiki? Gwakisa na Neema wote wanasoma humu, kwa hiyo andikeni kwa hoja.

Tumekubaliana meza ikutane tena Soweto, siku haijapangwa. Mpaka naandika, karatasi ya Sikujua iko Kihesa juu ya kabati la vyombo la Neema, imelazwa kifudifudi. Hakuna aliyeichana.