Injini ya Gari la Babu

Gari lile lilikuwa la watu wawili tu. Refu mbele, fupi nyuma, chini kiasi kwamba kuku waliruka juu ya mlango wake bila taabu. Lilikaa miaka yote chini ya kibanda cha bati nyuma ya nyumba yetu, hapa Kasongo, na halikuwa na injini.

Babu yangu alikuwa dereva wa muzungu mmoja mfanyabiashara wa pamba. Muzungu yule aliagiza gari la mashindano, akalileta kwa meli na treni na pantoni, kisha akagundua kwamba huku hakuna mtu wa kushindana naye. Akawa analikimbiza kati ya mji na mto Lualaba, babu pembeni yake akishikilia kofia. Mambo yalipoharibika nchini, aliondoka akamwachia babu funguo. Babu alipofariki, funguo zikaja kwa baba yangu, mtoto wake wa kwanza. Baba mdogo, anayeishi Wamaza, hakulifurahia jambo hilo hata siku moja.

Sisi watoto tulijua kwamba wakati wa vita baba aliing'oa injini, tunayoiita motere, akaiuza kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Baba mwenyewe hakukanusha. Ukoo mzima ulimsema. Katika kila kikao, kabla ya kugawana shamba au kupanga mahari, lazima mmoja angekumbusha kwamba ndugu yetu huyu alikula urithi wa baba yake peke yake. Baba alikuwa anatazama mikono yake, anangoja wamalize. Siku ya matanga yake, mwili ukiwa bado ndani, baba mdogo alisimama mbele ya majirani na wakristo wenzetu akasema kaka yake alikuwa mtu mwema mwenye doa moja, akalitaja doa. Nilikuwa nimekaa karibu na mama. Hakuinua kichwa.

Miaka michache baadaye alikuja mtu kutoka Bukavu. Alivaa viatu vya bei ambavyo barabara yetu ilikwisha kuvichafua, akajieleza kwamba anawatafutia magari ya zamani matajiri wa Ulaya. Nilimpeleka kibandani. Alilala chali kwenye mavi ya kuku, akaingia chini ya gari na tochi, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Alikwaruza rangi nyeupe kwa wembe, ikatokea kijani, akacheka peke yake. Aliniambia kijani ndiyo rangi liliyozaliwa nayo. Usukani wa mbao ni wake, viti ni vyake, hata vioo vidogo. Kilichokosekana ni injini. Namba iliyogongwa kwenye injini lazima ilingane na ile iliyogongwa kwenye bodi, na historia ya gari lazima ijulikane tangu mwanzo bila pengo. Bila hivyo, alisema, hiki ni chuma tu. Akapiga picha ya namba kwa simu yangu, akaniomba niitafute injini.

Nilikubali haraka. Nilitaka kujua motere ilikwenda wapi, na nilitaka kujua baba alipata nini.

Wamaza nilifika na pikipiki, matope hadi magotini. Baba mdogo alinipokea vizuri, akachinja kuku, na tulipokula akarudia habari ileile. Alisema baba aliibeba usiku, akaiuza kwa mwenye mashini ya kupondea mawe ya dhahabu, na hakuna aliyeonja chochote. Nilimuuliza kama aliwahi kwenda kumuuliza huyo mwenye mashini. Alisema hapana, aende kufanya nini.

Basi nilikwenda mimi. Salamabila ni mahali pa kelele, watu wana vumbi hadi kwenye kope, na kumtafuta mzee mmoja kati ya wageni wengi si kazi ndogo. Nilimkuta nyuma ya maduka, karibu kipofu, mashini yake ilikwisha kufa zamani. Injini ilikuwa bado pale, imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya simenti, imefunikwa na kipande cha bati. Niliomba mafuta ya mawese kidogo na mchanga, nikapiga magoti nikasugua ubavu wake. Namba zilitoka moja baada ya nyingine. Nililinganisha na simu. Zilikuwa zenyewe.

Nilimwambia yule mzee kwamba mimi ni mtoto wa mtu aliyemuuzia. Akaniuliza kama baba yangu bado yuko hai. Nikasema alifariki.

“Kama alikufa, basi mimi siwezi kufunga kinywa tena,” alisema. “Baba yako hakuniuzia kitu. Ile motere alimutolea mama yako.”

Alinihadithia taratibu. Wakati ule wenye bunduki walikuwa wamekamata barabara. Walichukua wanawake waliotoka kuuza mchele, wakawapeleka kwenye machimbo, na mama yangu alikuwa kati yao. Mkubwa wao alitaka mashini ya kupondea mawe ifanye kazi, na motere ya mashini ilikuwa imevunjika. Habari ilimfikia baba. Aliifungua motere ya babu vipande, yeye na rafiki yake wakavipakia kwenye baiskeli mbili, wakazisukuma porini kutoka Kasongo. Mzee huyu ndiye aliyekwenda kwa yule mkubwa kusema kwamba motere ipo, lakini mwenyewe anataka mke wake. Walikubali. Baba alibaki siku hiyo kuunganisha vipande hadi motere ikanguruma, ndipo wakawaachia waende.

“Alinishika mukono hapa,” mzee alisema, akajishika kifundo cha mkono. “Akaniambia, mutu akiuliza, sema nilikuuzia. Alisema, wakijua mahali muke wangu alikuwa, nyumbani watamufukuza.”

Wale ambao hawakuishi hapa hawataelewa haraka. Wanawake waliorudi kutoka mikononi mwa watu wale hawakupokewa kwa ngoma. Ndugu za mume waliwatenga, wengine walirudishwa kwao na watoto wao. Baba aliwajua ndugu zake. Kati ya mke kutemewa mate na yeye kuitwa mlafi, alichagua.

Sikumbuki vizuri njia ya kurudi. Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia nimeiona motere. Aliendelea kutwanga, kisha akaacha mchi ndani ya kinu.

“Ulikuta ingali nzima?”

Nilisema ndiyo. Nikamwambia pia kwamba mzee amenieleza. Mama alijifuta mikono, akasema baba alimkataza kusema, na kila alipotaka kufungua kinywa katika vikao vile baba alimtazama tu. Niliomba aniruhusu niwaambie wote, leo hii. Alisema ningoje.

Sikupata muda. Baba mdogo alikuwa amesikia kwamba motere imepatikana, akaja na pikipiki, na kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo sasa, mtu wa Bukavu aliporudi akakaa naye kuzungumzia gari. Yule mtu aliuliza kwa nini injini ilitoka kwenye gari, kwa maana hilo ndilo pengo lililobaki katika historia. Nilifungua kinywa. Baba mdogo alinitangulia. Alisema kaka yake alikuwa mtu wa akili sana. Alisema alipoona askari wanaiba kila kitu, aliiondoa motere akaificha kwa rafiki wa kuaminika kule Salamabila, ili urithi wa baba yao usipotee.

Mtu wa Bukavu alifurahi. Historia kama hiyo, alisema, wazungu wanaipenda. Akamgeukia mama, aliyekuwa anawaletea maji, akamuuliza kama ilikuwa hivyo.

“Njo vile,” mama alikubali, akaweka maji mezani.

Gari liliondoka juu ya lori. Injini ililifuata baadaye. Baba mdogo alipokea fedha, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale Wamaza.

Nilimfuata huko. Nilimkuta barazani, nikamwambia kila kitu nilichosikia Salamabila, baiskeli mbili, machimbo, mama. Nilingoja ashtuke. Alikuwa anachokoa meno.

“Nilijua,” alisema. “Tangu ile mwaka. Kasongo kuna siri gani?”

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alimsema baba maisha yake yote, hata mbele ya jeneza.

“Na ungetaka niseme nini? Watu wanaikosa motere, wanauliza. Niseme muke wa kaka yangu alikuwa wapi?”

Jambo hilo linaniunguza hadi sasa. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu aliyemlazimisha kusimama matangani. Lakini maneno yake yamepangwa vizuri kiasi kwamba nikiyarudia kwa wachache ninaowaamini, wengine wanaitikia kwa kichwa wanasema baba mdogo naye alimlinda mama. Sijala tena kwake.

Mtu wa Bukavu alituma picha. Gari limepakwa kijani, linang'aa mbele ya jumba fulani, na chini yake kuna maelezo ya Kifaransa. Yanasema ni gari halisi lenye injini yake ya asili, iliyofichwa na familia aminifu wakati wa vita. Nilimtafsiria mama. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie pale wanapomsifu baba. Nikarudia. Nilitaka kumwambia kwamba ni uongo wa baba mdogo, kwamba wamefuta nyayo zake yeye mama kwenye njia ile yote. Alikuwa amekwisha kuchukua jembe, anakwenda shambani kabla jua halijawa kali.