Kifundo Nilichokikanda Mwenyewe

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nakanda miguu ya watu hapa Litapunga. Mtu akiteguka shambani, analetwa kwangu. Maji ya moto yenye chumvi, mafuta ya nyonyo, navuta mpaka mfupa ulie, kisha nafunga kwa majani na mavi mabichi ya ng'ombe. Siku saba hakuna kufungua. Nilifundishwa na mama yangu, na nilijivuna kupita kiasi.

Msimu wa kuvuna mahindi nilikanyaga vibaya kwenye tuta, nimebeba gunia. Kifundo cha mguu kikapinda kwa ndani, nikasikia kitu kikikatika. Nilijaribu kusimama, nikaanguka. Mkwe wangu Neema akasema, "Mama, twende Mpanda ukapigwe picha." Nikamfokea. Mkandaji apelekwe hospitali, watu wangesemaje? Nikaukanda mguu kwa maji ya moto, kisha nikamwamuru anivute na kunifunga kama nilivyomwelekeza. Alivuta huku analia.

Siku ya tatu mguu ukaanza kunuka. Nikasema ni yale mavi tu. Siku ya tano mume wangu akahamia kulia chakula nje. Siku ya saba Neema alifungua, akakimbia kutapika. Ngozi niliyoiunguza kwa maji ya moto ilitoka pamoja na majani. Chini yake usaha wa kijani, na ndani ya usaha funza wanajinyonganyonga. Hata sasa nikiandika haya naona kinyaa. Kinyaa changu hakikuwa cha funza peke yao. Nilijichukia mwenyewe.

Hospitalini daktari wa mifupa aliuliza, "Mama, nani kakufanyia uchafu huu?"

"Mimi mwenyewe."

Akaitazama picha. "Mfupa umevunjika sehemu mbili, na kuvuta kumeusogeza. Huu uozo ukipanda juu, tunakata mguu."

Waliosha kidonda kila siku na kukata nyama iliyooza. Niliisikia ikianguka kwenye beseni. Kilipokauka wakaniwekea vyuma. Leo natembea, taratibu, lakini kwa miguu yangu miwili. Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Neema aliyeniosha bila kuziba pua.

Nyie mnaosoma, kifundo kikivimba na hata hatua nne zikakushinda, usikubali mtu akivute wala akikande. Kifunge kisicheze, nenda ukapigwe picha. Mavi ya ng'ombe yaacheni yakandike nyumba.

Watu bado wanaletwa kwangu, nawarudisha. Lakini mwaka jana, kabla mimi mwenyewe sijavunjika, nilimkanda mguu jirani yangu Tausi. Mpaka leo anachechemea, na bado aliniletea kuku wa shukrani, nami nikamla. Juzi nilimfuata kwake, nikamwambia twende wote kwa daktari wa mifupa.

"Kwani si ulisema mfupa umerudi mahali pake?" akaniuliza.

"Nilisema," nikamjibu. "Sikuwahi kujua mahali pake ni wapi."