Fundo la Mama Ghattas

Mama Ghattas alimshuku yule mpiga picha tangu aliposhuka garini. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa njia ile ya mlimani, na kahawa aliyopewa hakuimaliza. Mtu asiyemaliza kahawa ana haraka, na mwenye haraka ana lake jambo.

"Karibu, mwanangu," alimwambia, maana adabu ni adabu. "Mtoto wa nani wewe?"

"Naitwa Nassib, mama. Natoka mjini Zahle."

"Zahle nako bundi wapo. Huku umefuata nini?"

Nassib akacheka. Alikuwa ameitwa na Daktari Hanan, mwenye kile kituo cha kuuguza tai, mwewe na bundi, aje ampige picha bundi mdogo kuliko wote. Bundi huyo alikuwa na ukubwa wa birika la kahawa, na bawa lake moja lililovunjika halikuunga vizuri, kwa hiyo asingeruka tena. Mama Ghattas alimwita Kadhi, kwa jinsi alivyokukodolea macho akingoja ukiri.

"Nitamtaka nje, juu ya kile kisiki karibu na mtini," alisema Nassib. "Ndege wadogo wakija kumzomea, picha itanoga."

Mama Ghattas akautazama ule mtini. Nje, karibu na mtini, na tini zimeiva! Hivyo hivyo ndivyo wategaji wanavyofanya. Humfunga bundi mguu kwa uzi, matawi wakayapaka ulimbo. Wakiuvuta uzi, bundi hupapatika, na ndege wadogo wanaokuja kumzomea adui yao hunata hapo hapo. Alijua hayo kuliko yeyote kituoni, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa uzi ule ulikuwa mkononi mwake. Mumewe alichemsha ulimbo, yeye alivuta. Mume alipokufa alikuja kuomba kazi ya kufagia vizimba, akamwambia Daktari kwamba ndege anayemjua ni kuku tu. Sasa huu ulikuwa mwaka wa sita. Kadhi hakula ila mkononi mwake, na nyumbani hakuwa na mtu. Siri ikitoka, angefukuzwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sembuse aliyekuwa nyoka mwenyewe?

Akaamua kumpima Nassib: mtegaji hujulikana kwa fundo lake. Akamweka Kadhi kisikini, akampa Nassib uzi.

"Mfunge wewe."

Nassib akauzungusha mguuni kama anayefunga kiatu. Fundo likafunguka. Kadhi akamdonoa kidole.

"Loo! Hata uzi hujui kufunga? Nani kakuozesha wewe?"

"Sijaoa, mama."

"Sishangai."

Angetulia hapo. Lakini bundi alianza kuyumba, na mikono ya Mama Ghattas haikungoja ruhusa. Kitanzi, mzunguko, chini ya kidole cha nyuma, yote kwa mkono mmoja, na uzi ukabaki mrefu upande wake, tayari kuvutwa. Kamera ikalia mara tatu.

"Mama Ghattas! Hiyo umejifunzia wapi?"

Si alisema! Huyu katumwa.

"Nani kakutuma? Sema! Ndiyo, nilitega, mimi na mume wangu, Mungu amrehemu. Tuliwanasa, tukawachoma, tukawala kwa maji ya komamanga. Umeridhika? Haya, nenda kamwambie Daktari!"

Nassib akaishusha kamera. "Mama, mimi nilitaka unifundishe tu."

Kijana hakuwa na hila hata chembe. Hila ilikuwa ya Mama Ghattas mwenyewe, na ulimi wake ndio ulioimwaga. Alipogeuka, dirisha la ofisi lilikuwa wazi na Daktari Hanan amesimama hapo.

Akafungua fundo, akampakata Kadhi kifuani, akaenda mwenyewe kabla hajaitwa.

"Nimrudishe kizimbani, Daktari, halafu nichukue vitu vyangu."

Daktari hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Siku hizi wanatega wapi?"

"Bonde zima."

"Ukitaka kubaki na Kadhi, utatuonyesha, mimi na askari wa misitu. Kesho asubuhi. Tuanze na aliye karibu."

Mama Ghattas akatazama mitini iliyo ng'ambo ya ukuta. Jumapili alikuwa amekula chakula cha mchana pale, akabebeshwa kapu la tini.

"Aliye karibu ni kaka yangu," alisema.