Kitabu cha Kusukia Vichwa Viwili

Mimi sijui kusuka. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisikia nafanya kazi saluni, huku mtaani Mbotela, ananiinamishia kichwa papo hapo. Usiniinamishie. Dada yangu, ambaye saluni ni yake, alinifundisha mpaka akachoka. Kichwa cha mwisho nilichogusa kilitoka na mistari iliyopinda kama njia ya panya, mwenye kichwa akalia, dada akaninyang'anya kitana. "Wewe keti pale usome," akaniambia. "Si kusoma ndiko unakojua?" Alisema kwa hasira. Mimi nikachukua riwaya iliyokuwa mkobani nikaisoma kwa sauti, kwa hasira vilevile. Kufika jioni kulikuwa na wateja waliokwisha kusukwa ambao walikataa kwenda nyumbani kabla sura haijaisha, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Saluni ni chumba kimoja. Ina viti viwili vya kusukia vinavyotazama kioo, benchi la wanaongoja, na rafu niliyoipigilia mwenyewe juu ya beseni la kuoshea nywele. Vitabu navitoa soko la Muthurwa, kwa wale wanaovitandaza juu ya magunia katikati ya mwenye viatu na mwenye sukumawiki. Nikitumwa vitunguu narudi na riwaya. Dada ameshazoea, siku hizi vitunguu anatuma mtu mwingine.

Watu hudhani ukitaka kumpendekezea mtu kitabu unamwuliza anapenda nini. Uongo mtupu. Mtu hajui anachopenda, anajua alichozoea. Mimi hutazama anasukwa nini. Wa matuta hana muda, huyo ni hadithi fupi, tena ianze na ugomvi. Wa rasta ndogo ndogo ni wangu mpaka jua litue, kwa hiyo huyo nampa riwaya nene yenye ukoo mzima ndani, kesi ya shamba, na mjomba aliyetoroka akarudi na mke wa kigeni. Anayekaushwa nywele kwa mashine hasikii kitu hata ukimpigia ngoma, namwekea kitabu cha mapishi magotini atazame picha za pilau.

Dada naye ana uhakiki wake, na hupima kitabu kwa vidole. Kitabu kikimkolea, vidole vinakimbia. Kikidoda, anaanza kupiga miayo na kuuliza kama maji yamefika. "Hiki kimenisukia vizuri," atasema, na hiyo kwake ndiyo sifa ya mwisho. Hadithi za mapenzi hatuelewani. Mimi nazipenda, yeye anasema zinamchelewesha, kwa sababu mvulana akikaribia kusema neno wasusi wote wanasimamisha kazi. Za mizimu zimepigwa marufuku tangu siku mzuka ulipotoka kisimani ukurasani na mteja akaruka kitini, kitana kikabaki kinaning'inia. Kumbukumbu za wakubwa nimeziacha mwenyewe. Mtu anaandika kitabu kizito kama tofali na ndani yake hajakosea hata mara moja! Mashairi nilikuwa nayaogopa, nilidhani watalala. Kumbe! Mama mmoja wa kazi ya kiwandani alinirudisha kwenye shairi moja la mtu na mamake mpaka matuta yakaisha, kisha akaondoka na kitabu chenyewe. Ningependa kusema simdai. Namdai, na akisoma hapa akilete.

Basi mdogo wetu, kitindamimba, akapata mchumba. Furaha iliyoje. Mdogo wetu ana kibanda cha kutengeneza simu, na kijana alikuja na simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji. Alirudi kesho yake na nyingine, ikiwa nzima kabisa, akisema haisikiki vizuri. Ni karani, mpole, amezaliwa mtaa wa Ziwani na kulelewa huko huko. Hatukuwa na neno naye. Neno lilikuwa kwa mamake.

Mamake ni mjane wa mfanyakazi wa reli, na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Mama aliyenyooka, mkoba mkononi, sauti ya chini. Mwanawe ni mmoja tu, na alikuwa amemchagulia msichana wa kwaya. Sasa analetewa fundi wa simu anayeshinda na bisibisi mkononi. Hakutukana mtu, la. Hakusema kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mimi na dada tukimsalimu kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo ni yake pia, mulembe, yaani amani, anajibu mulembe na kuulizia watu wa kwetu. Mdogo wetu akimsalimu, anajibu "salama" na kutazama ukuta. Posa ikapita, mahari ikapita, kamati ya harusi ikakaa na kuvunjika na kukaa tena, yeye ni salama na ukuta.

Mama yetu alifariki mdogo wetu akiwa bado shule ya msingi. Nimelitaja kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kwa nini msichana mchangamfu hivyo alikuwa anakonda. Hakuwa anatafuta mama mkwe tu. Siku moja nilimkuta kibandani, simu ya mtu imefunguliwa mbele yake na haigusi. "Akiingia kanisani na ule uso," akaniambia, "mimi sitaweza kusimama pale mbele. Nitalia, na watu watasema ni furaha." Niliumia. Nikataka kwenda Ziwani nikamwambie yule mama ukweli wake, dada akanishika mkono. Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema, ukimchokoza sasa utausikia.

Dada ni mjanja kuliko mimi. Alitangaza kwenye kamati kwamba zawadi yake ya harusi ni kuwasuka akina mama wa pande zote mbili, bure. Zawadi haikataliwi, hasa na kiongozi wa akina mama. Halafu akapanga zamu. Alhamisi ya wiki ya harusi, bila kumwambia mtu, aliwaweka mama mkwe na bibi harusi pamoja, kiti kwa kiti. Mimi nilijua nilipofika asubuhi nikamwona anafuta viti. "Leo utasoma," akaniambia, "na uchague vizuri."

Nilisimama mbele ya rafu nikatoka jasho. Kitabu kimoja, vichwa viwili. Mapenzi? Mbele ya mama mkwe? Ningekuwa naruka kurasa kama mbuzi. Kitabu cha mahubiri kingempendeza yeye na kumlaza mdogo wangu. Historia angenisahihisha, kwa maana nusu yake ameiishi. Mizimu, angesimama kuikemea na tusingesuka tena siku hiyo. Mashairi yana nafasi katikati, na mimi sikutaka nafasi yoyote ya kimya katika chumba kile. Kilibaki cha upelelezi, kilichokosa jalada, nilichokuwa nimekitoa Muthurwa juzi yake na sijasoma zaidi ya ukurasa wa kwanza. Mwalimu wa kwaya amekutwa amekufa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, kesho ni mashindano. Nikasema, Mungu saidia, nikakichukua.

Walikuja. Mulembe kwetu, salama kwa mdogo wangu. Wakakaa. Dada akamshika mama, msusi wetu mwingine akamshika bibi harusi, nami nikaanza. Sura ya kwanza ilipita bila mtu kukohoa. Mwalimu wa kwaya akapatikana, polisi wakaja, mkewe kijana akaja mbio, mzee wa kanisa anayepiga kinanda akaongoza sala. Nikafungua sura ya pili.

"Aliyemwua ni mkewe," mama mkwe akasema.

Vidole vya dada vilisimama.

"Msichana ameolewa hata mwaka haujaisha," akaendelea, macho kwenye kioo. "Nani anajua alikotoka?"

Nilimtazama mdogo wangu nikiomba kimoyomoyo anyamaze, na nikajua hatanyamaza.

"Mama, samahani," akasema. "Mke alimpikia chai akamngoja mpaka asubuhi. Mtu aliyeua hangoji."

"Hungoja. Hungoja ili aonekane amengoja."

"Na mzee wa kinanda je? Alijuaje mlango wa sakristia umefungwa, na yeye anasema hajafika pale?"

Mama mkwe akageuka kumtazama. Dada akakirudisha kichwa mbele kwa viganja viwili. "Mama, kichwa," akasema, na mama akatii, maana kitini pale hata mke wa askofu hutii. Kwa hiyo ilibidi wabishane kupitia kioo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama mdogo wangu usoni, kwa kuwa ukuta ulikuwa nyuma yake na kioo kilikuwa mbele.

"Wewe," akaniambia, "rudi pale pa kinanda."

Nikarudi. Nikasoma polepole. Akaguna. "Mzee wa kanisa," akasema. "Anayefunga kila Ijumaa. Huyo aue mtu?"

"Zii, mama, wanaofunga ndio wana njaa," mdogo wangu akasema, neno la mtaani la kukataa likimtoka kabla hajalishika.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika. Chumba kizima kikapumua. Tangu hapo sikusoma kwa raha tena, kila ukurasa nasimamishwa. Mama alimtetea mzee wa kinanda kama ndugu yake wa damu. Mdogo wangu alimtetea mke. Waliokuwa bencheni wakajigawa kambi mbili, na jirani aliyekuja kuomba kiberiti akakaa, akaegemea upande wa mama. Chai ililetwa ikapoa. Vidole vya dada vilikuwa vinakimbia kama cherehani, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyechagua vizuri, ambayo siijui nyingine inayoifikia.

Nywele zikaisha kitabu hakijaisha. Mama akajitazama kioo pande zote, akamshukuru dada kwa maneno mengi, kisha akaninyooshea mkono. "Lete."

Mimi simwazimi mtu kitabu ambacho sijakimaliza, na hiki kilikuwa kinaniwasha mpaka nyayo. Lakini ule si mkono wa kunyimwa. Akakitia mkobani kando ya Biblia, akasema "haya" kwetu sote kwa pamoja, akaenda zake.

Mdogo wangu akabaki kitini na rasta zake nzuri, machozi yanamlengalenga. "Hajaniaga," akasema. "Nimebishana naye mbele za watu. Mke wa mtu habishani na mama mkwe, nimejiharibia mwenyewe." Tulimwambia mama amecheka, tumemwona. Akasema watu wengi hucheka mahali na kununa wakifika nyumbani. Nikachukua ufagio nikafagia nywele, kwa sababu ni kweli. Ijumaa tuliipitisha na mapambo na sufuria za kuazima, hakuna neno lililotoka Ziwani, na bwana harusi alipoulizwa kwa simu alisema mamake amejifungia chumbani, hataki kusumbuliwa. Mdogo wangu aliposikia hivyo aliacha chakula.

Jumamosi kanisa lilijaa. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, kitenge cha kijani, matuta ya dada yanang'aa, uso ule ule. Nilikuwa nyuma ya bibi harusi nimeshika mkia wa gauni lake. Viapo vilisemwa kwa sauti ndogo sana. Pete zikaingia. Tukatoka nje, akina mama wa kanisa wakitangulia kwa wimbo na vigelegele, na mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema sasa mama atampokea mke wa mwanawe.

Nyimbo zikashuka. Mama akaja polepole na leso mpya, akaikunjua, akamfunga mdogo wangu mabegani juu ya shela yote ile. Akamshika mashavu. Kisha akamvuta, akaweka mdomo sikioni mwake, na watu wakanyamaza kabisa wakijua anamwombea. Mchungaji akavua miwani na kuinamisha kichwa. Waliokuwa karibu nao wakainamisha vyao.

Mimi sikuinamisha. Nilikuwa nimeshika mkia wa gauni, nilikuwa karibu, na nilisikia kila neno.

"Mke hana hatia, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Nimekimaliza jana. Ni mzee wa kinanda, kama ulivyosema."

Mdogo wangu akaangua kicheko na kilio kwa pamoja, mama naye akacheka, safari hii bila kuziba mdomo, wameshikana hawaachani, na mchungaji bado ameinama pale anangoja amina.