Majibu Yaliyofanana ya Nangwa

Nasoma sosholojia na habari chuo kikuu, na wiki iliyopita nilitumwa kijiji cha Nangwa kuchunguza jinsi redio inavyowabadilisha wakulima. Niliomba lifti kwenye lori la shamba la ngano la serikali, nikashuka kifua mbele na daftari langu.

Kila nyumba ikanijibu neno kwa neno: "Redio inatufundisha kilimo bora na umoja." Nikashuku. Kuna mtu anawapanga hawa! Tena kila jioni majirani waliingia jikoni kwa mwenyeji wangu, Mama Paulina, na mlango ukafungwa.

Jana nikajibanza nyuma ya jiko, sikio ukutani.

"Mwanafunzi gani analetwa na lori la shamba?" Mama Paulina alikuwa anawaambia. "Tukipishana maneno, hao wa shamba watachukua na malisho waliyotuachia. Haya, semeni tena."

Mbwa akabweka. Mlango ukafunguliwa, wakanikuta nimechuchumaa kwenye samadi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

"Kweli mimi ni mwanafunzi. Nachunguza redio tu."

Akalitazama daftari langu lililojaa.

"Redio ipi, mwanangu? Ilikuwepo moja, na betri zake ziliisha kabla ya mavuno."