Namba Niliyoikata Ishirini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha aibu hunishika kidogo, halafu naishia kujivuna. Kaa hapo nikusimulie. Chai ipo, na mimi sina haraka.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, nikiishi Kawangware, upande wa kwenda Riruta Satellite, katika nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Niliishi na senge wangu, yaani dada ya baba, aliyetoka Vihiga kuja kukaa nami. Mchana nilifanya kazi Kibera katika kibanda cha Mzee Okello, fundi wa redio aliyenifundisha kuunganisha nyaya nikiwa sijui hata kushika bisibisi.

Na nyumbani nilikuwa na seva. Ndiyo, seva, usinitazame hivyo! Nyinyi mnadhani kompyuta zilianza siku mliyozaliwa. Niliijenga kwa mikono hii, kwa vipande vilivyotupwa na maofisi ya mjini. Niliitia Linux, programu ya bure ya kuiendesha kompyuta, nikapitisha waya kwenye tundu la ukuta hadi chumba cha pili, na huko kulikuwa na kompyuta mbili kuukuu zisizo na diski, zilizoitegemea seva kwa kila kitu. Wanawake wa Soweto, kule Kibera, walikuja kwa miguu kujifunza kupiga chapa kwangu. Mtaani waliniita Injinia, na sikumkataza mtu hata siku moja.

Mmoja wa wanafunzi hao aliitwa Akinyi, mama wa watoto watatu, aliyekuwa akifua nguo za watu ili wale. Kliniki moja ndogo ilikuwa imemwahidi kazi ya upigaji chapa. Walimpa mwongozo wa wahudumu wa afya, kurasa arobaini zilizoandikwa kwa mkono, wakamwambia aulete Jumatatu ya wiki ya sita ukiwa safi ndani ya disketi. Alipiga chapa wiki tano kwa vidole viwili, baadaye vinne, mwishowe vyote kumi. Kazi hiyo yote ilikaa ndani ya seva yangu, na nilikuwa nimemwekea disketi tatu za kunakilia.

Sasa sikiliza vizuri. Kwenye bodi ya ile seva palikuwa na kipima joto, na kifaa kingine cha kuhesabu mizunguko ya feni. Ili Linux ivisome, ilihitaji programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Nilihangaika nayo wiki mbili hadi ikakubali, na siku namba ilipotokea kwenye skrini, nyuzi arobaini na moja, nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Nikaiwekea amri kwamba joto likifika sitini na tano, seva ijizime yenyewe kabla haijaungua.

Basi ikaanza kujizima. Kila mchana, watu wakiwa katikati ya kazi, ghafla kimya. Nikirudi jioni naketi mbele yake, naiwasha, nasoma: arobaini na mbili. Nafungua faili la kumbukumbu, naona mchana iliandika sitini na saba. Kesho yake vivyo hivyo. Nikasema hii draiva ni mwongo, imechanganya bodi yangu na ya mtu mwingine. Nikaenda mjini kutafuta draiva mpya zaidi, na kwa kuwa sikuwa na disketi nyingine, nilizifuta zile tatu za Akinyi nikaibebea humo. Nilijiambia nitamrudishia. Draiva mpya nayo ikasema yale yale.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na kosa lenyewe lilichukua dakika moja tu. Nilifungua faili la mipangilio nikaandika kwamba kila joto litakalosomwa lipunguzwe ishirini. Ilipokuwa sitini na saba ikawa arobaini na saba. Seva haikujizima tena. Wanafunzi wakafurahi, nami nikatembea Kawangware nzima kifua mbele.

Wiki iliyofuata, mstari wa feni ukasoma sifuri. Nikatega sikio, nikasikia feni inavuma. Nikacheka, nikasema sasa nayo imeamua kunichokoza, nikaufuta mstari ule usionekane kabisa. Kumbe seva ilikuwa na feni mbili, na niliyoisikia haikuwa ile iliyokuwa ikihesabiwa.

Jumamosi nilimkaribisha Mzee Okello chakula cha mchana. Nitakuwa mkweli: sikumwita ale, nilimwita aone. Nilitaka mwalimu wangu aseme nimempita. Tulitoka naye kibandani, na njiani nikamsimulia kwa majigambo yote niliyoyafanya: draiva, disketi, na mistari ile miwili. Tulipofika tulimkuta Akinyi mlangoni, mikono kichwani.

"Injinia, screen zote mbili zimekwama," akasema. "Na huko ndani kuna kitu inanuka."

Niliingia mbio. Mzee alikuja nyuma yangu polepole, akasimama mbele ya seva, akaiangalia bila kuigusa.

"Nyathina," akaniuliza, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hii kitu imevaa nguo ya nini?"

Sikukuambia habari za kitambaa, kwa sababu hata mimi wakati ule sikukitia maanani. Senge alikuwa na mkono wa kushona vitambaa kwa sindano ya ndoano. Nyumbani kwetu kila kitu kilivaa: kochi, redio, meza, hata mtungi wa maji. Ukiingia nyumba ya watu wa kwetu ukakuta redio iko uchi, unajua hapa hapana mama. Seva nayo alikuwa ameishonea chake, kikubwa, cheupe chenye maua mekundu, kilichoning'inia hadi nyuma. Kila asubuhi nikishatoka aliivisha. Kila jioni mimi mwenyewe nilikivua, nikakikunja, nikaketi kusoma namba, wakati mashine imeshapata hewa na imeshapoa. Kwa wiki nyingi nilishika chanzo cha shida yangu mkononi na kukiweka kitandani.

Mzee alichomoa waya wa umeme, kisha akakifunua kitambaa taratibu. Nyuma, uzi uliokatika kwenye pindo ulikuwa umevutwa ndani na kujisokota kwenye feni hadi ikasimama.

Unajua nilifanya nini? Nilimgeukia Senge nikampigia kelele. Yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto! Nilimwambia ameniharibia maisha na vitambaa vyake.  Senge alishika ncha ya leso yake, akaitazama sakafu.

"Nyamaza," Mzee akasema. Hakupaza sauti. "Ulikuwa umeniambia kwa njia vile ulitengeneza namba. Mashine ilikuambia ukweli mara mbili. Ya kwanza ukaikata ishirini. Ya pili ukaifunga mdomo. Huyu mama alikuwa anakupendezeshea kitu yako. Nani aliharibu hapa?"

 Machozi yalinitoka mbele ya mwanafunzi wangu.

"Omba yeye msamaha. Halafu Akinyi utamwambia wewe mwenyewe, mambo ya disketi na mambo ya namba. Sio mimi nitamwambia."

Nilipiga magoti kwa Senge. Akaniinua kabla sijamaliza, akaniambia, "Mwana, mimi sikujua kinapumua." Kisha nikamgeukia Akinyi nikamweleza yote: kwamba kazi yake haikuwa na nakala, kwamba disketi zake nilizifuta kwa haja zangu, kwamba nilijua namba inapanda nikaificha.  

"Basi washa tuone," Akinyi akasema.

Mzee alikataa. Alisema ipoe kwanza. Tulikula ugali na mboga za mrenda za Senge, na sijawahi kula chakula kirefu namna ile. Baadaye nilikata ule uzi kwa wembe, kipande kwa kipande, mpaka feni ikazunguka kwa kidole, nikaomba Mungu, nikabonyeza.

Diski ikapiga kelele zake. Maandishi yakaanza kupanda. Akinyi akafungua faili lake, akateremka ukurasa kwa ukurasa hadi wa arobaini, kisha akaketi chini sakafuni akalia kwa sauti. Kabla hajainuka nilirudisha ile mistari miwili kama ilivyokuwa, wote wakiwa wananitazama. Joto, arobaini na nne. Feni, mizunguko elfu nne na mia mbili kwa dakika. Mzee akasoma, akaitikia kwa kichwa akisema, "Sasa wewe ni fundi." Nimesifiwa mara nyingi tangu hapo, mwanangu, lakini sifa ile ndiyo ninayoijivunia.

Tulikwenda kununua disketi mpya jioni hiyo hiyo. Jumatatu Akinyi aliipeleka kazi yake, na akaajiriwa. Senge naye aliniomba nimfundishe kusoma ile skrini. Tangu hapo kila siku saa sita mchana alisoma joto na feni akaandika kwa penseli katika daftari, na miezi mingi baadaye feni ilipoanza kuchoka, yeye ndiye aliyeniambia, siyo kompyuta wala mimi Injinia.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiambiwa jambo usilopenda, na mashine, na mwili wako, na mke au mume, usikimbilie kumnyamazisha anayekuambia. Nenda ukaangalie, na uangalie saa ile ile anapolalamika, siyo saa inayokufaa wewe. Utazame hata vile vitu vya nyumbani kwenu ulivyovizoea. Na ukigundua umekosea, kosa lako lisimwangukie aliyekupenda. Simama uliseme mwenyewe mbele ya yule uliyemkosea. Mimi nilisimama, na sijutii.

Mungu aipe mikono yako ufundi na moyo wako usikivu. Wakuambiao ukweli wasipungue nyumbani mwako, na siku watakapokusifu, iwe ni kwa haki. Amina. Sasa mimina chai hiyo kabla haijapoa.