Kichwa Kisicho na Poda

Mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwamba mtihani wa kuingia kozi yake hauna kufaulu wala kuanguka. Ulikuwa wa kutupanga tu: wanaoanza darasa hili, wanaojua kidogo lile, wanaojua zaidi lile jingine. Tulitikisa vichwa kama watu wenye akili, halafu wenzangu wakaenda moja kwa moja kuwaambia wazazi wao siku ya matokeo. Kwetu Goma, mtihani usioangusha mtu haujazaliwa.

Mimi sikuwa na wa kumwambia. Baba na mama walikuwa Butembo, na vita vilikuwa vimefunga barabara ya Rutshuru. Simu nayo ilishika siku ilipojisikia. Nilipanga chumba mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja mjane wa upande wa Bukavu. Alikuwa mwema, lakini wema wake ulikuwa wa mbali: salamu asubuhi, salamu jioni, kila mtu na jiko lake.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa ya kuongea. Mwalimu aliniambia nimweleze njia ya kutoka pale mpaka nyumbani kwetu. Nadhani alitegemea kona mbili na duka la dawa. Lakini Kiingereza nilikiokota utotoni, baba aliponichukua kwenye safari zake za biashara Uganda, na siku ile kilinitoka chote. Nilimpitisha mwalimu Kibumba kwenye kabichi, nikamsimamisha Kalengera tununue ndizi, nikaendelea naye kaskazini mpaka uani kwetu, mama ameketi anachambua maharage. Mwalimu alisahau kutazama saa yake. Nilipomaliza alinishukuru, akamwita mwingine.

Matokeo yalisomwa uwanjani. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, ili mtaa mzima umwone anavyorudi. Na kwa kuwa mtihani ule haukuangusha mtu, wote walimwagiwa! Mama mmoja alimaliza kopo zima juu ya binti yake aliyepangwa na wanaoanza, akapiga vigelegele kama ametoa daktari. Nilicheka, lakini kwa wivu. Jina langu lilisomwa karibu na mwisho, katika darasa la juu kabisa. Na mimi, mjinga, nikainamisha shingo.

Hakuna aliyekuja. Poda haiombwi, wala mtu hajimwagii mwenyewe. Nilisimama katikati ya lile vumbi la furaha za watu nikajiona mpweke kuliko siku tuliyosikia barabara imefungwa. Siku ile angalau tulikuwa wengi.

Nikarudi kwa miguu. Majengo walikuwa wameshaona vichwa vyeupe vikipita, kwa hiyo kila mtu alitazama nywele zangu kabla ya uso. Mama wa makaa alinipa pole. Jirani yake akasema mwaka mwingine utakuja. Niliwaitikia asante, kwa sababu kueleza kungechukua muda mrefu.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliniangalia kichwani, akaiweka chini.

“Ulianguka?”

Machozi yalinitangulia.

“Haina neno, mutoto yangu. Hata watu wakubwa wanaangukaka. Kuya ukule.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani kwake. Aliniketisha, akaniwekea ugali wa foufou na visamaki vya sambaza vya kukaanga, akaketi kando yangu. Halafu akaweka mkono kichwani kwangu, akaanza kunipapasa polepole, akisema mama yangu huko aliko hatanikasirikia, atafurahi tu kuniona mzima.

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nimepangwa darasa la juu. Angefurahi sana. Angepiga makofi, na ili apige makofi ingembidi auondoe ule mkono.

Nikafunga mdomo, nikaendelea kulia.